Mpimeni Dume Kabla ya Kumlaumu Jike



Wasomaji wetu wapendwa, katika ukumbi huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi, mapishi na matumizi ya nyumbani. Juma hili tunaomba ruhusa tutoke uani, tuvuke kiambaza, tuingie zizini.

Huko Kwale kuna kikundi cha kina mama wanane waliochanga fedha zao kidogo kidogo, wakanunua kondoo majike 18 na dume mmoja. Dume huyo alikuwa wa kupendeza: kichwa cheusi tititi, mwili mweupe, kifua mbele, na mwendo wake wa madaha. Kila apitaye alimsifu. Mwaka ulipokwisha walizaa majike watano tu. Kina mama wakakaa wakashauriana, wakaona kwamba majike ndio tasa. Wakawachagua wanne waliowadhania kuwa wabaya zaidi, wakawauza kwa bei ya nyama, na nyama wakawa.

Mwaka wa pili alikuja bwana mifugo kwa ajili ya chanjo. Alipoelezwa habari hiyo hakuwaangalia majike hata mmoja. Alimwendea dume, akapitisha mkono chini ya tumbo lake, akanyamaza kidogo, kisha akawaita kina mama waje wapapase wenyewe. Korodani moja ilikuwa imesinyaa na kuwa ngumu kama kokwa. Ya pili ilikuwa ndogo na laini mno. Kasoro ilikuwa hapo tangu siku ya kununuliwa, na hakuna aliyetazama. Wanne waliokwisha kuchinjwa hawakuwa na kosa lolote lililothibitika.

Tumeisimulia habari hii si kwa kuwacheka dada zetu, bali kwa sababu wengi wetu tungetenda vivyo hivyo. Uzazi ukikwama, lawama ya kwanza humwendea jike. Ada hii si ngeni hata nje ya zizi, nanyi mnaijua zaidi kuliko sisi. Lakini maneno yetu ya leo ni ya kondoo, basi na tubaki kwa kondoo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Jike akiwa na kasoro, mwenye mali hukosa mwanakondoo mmoja au wawili kwa uzao. Dume akiwa na kasoro, zizi zima hukosa. Na wale wachache watakaozaliwa, nusu ya asili ya kila mmoja wao imetoka kwake. Kwa hiyo kumchagua dume kwa jicho peke yake ni kuiweka rehani mali ya mwaka mzima. Wazee wetu walikwisha kutuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Huenda baadhi yenu wakaona haya kwa maneno yatakayofuata. Tunaiheshimu haya yenu, kwani haya ni katika imani. Lakini elimu ya kuhifadhi mali ya halali haina aibu, na wafugaji wengi wa kondoo katika vijiji vyetu ni wanawake. Ikiwa mama ndiye anayelisha, ndiye anayefagia zizi, na ndiye anayekesha na jike anapozaa, basi na ajue pia namna ya kumkagua dume.

Vifaa vinavyohitajika ni vitatu: utepe wa kupimia, ule ule wa fundi wa cherehani uliopimia kanzu za Idi, daftari na kalamu, na mtu wa pili wa kumshika mnyama. Kazi hii ifanywe asubuhi mapema kabla ya jua kupanda, na ifanywe kiasi cha miezi miwili kabla ya dume kuachiliwa kwa majike. Sababu ya miezi hiyo miwili tutaieleza.

Anzeni mbele, mrudi nyuma. Fungueni kinywa mtazame meno: asiyeweza kukata majani hawezi kudumisha nguvu zake. Kondoo huanza kupata meno mawili makubwa ya mbele anapokaribia mwaka mmoja na zaidi kidogo, nayo ni ushahidi mzuri wa umri kuliko neno la muuzaji. Kisha vuteni chini ukope wa jicho: ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe kama karatasi, minyoo imemnyonya damu, naye anahitaji tiba kabla ya jambo lolote. Halafu tazameni kwato na mwendo. Dume humpanda jike kwa kusimama juu ya miguu yake ya nyuma. Akiwa na kidonda cha ukwato au goti lililovimba, nia anaweza kuwa nayo lakini uwezo hana.

Hapo ndipo utepe unapoingia kazini. Kipimo cha kwanza ni mzingo wa kifua. Msimamisheni dume sawasawa, kichwa kikiwa mbele, mpitishe utepe nyuma ya miguu ya mbele, uzunguke kifua na kukutana juu ya mgongo, bila kubana na bila kulegea. Kipimo cha pili ni urefu wa mwili, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako. Vipimo hivi viwili vyatosha kukadiria uzito pale pasipo na mizani. Zidisheni mzingo kwa mzingo, jumla yake mwizidishe kwa urefu, kisha gawanyeni kwa 10,840. Dume mwenye mzingo wa sentimita 75 na urefu wa sentimita 62 atakuwa na kiasi cha kilo 32. Ni makadirio wala si mizani, lakini yakirudiwa kwa mkono ule ule kila mwezi yataonyesha kama mnyama anapanda au anashuka.

Kipimo cha tatu hakina utepe, ni cha vidole. Wekeni mkono juu ya kiuno, nyuma ya ubavu wa mwisho, mpapase mfupa wa mgongo. Wataalamu huhesabu kuanzia 1 hadi 5. Mfupa ukichoma kama ncha ya kisu, huyo ni 1, mnyama aliyekonda kabisa. Mfupa usipopatikana hata kwa kubonyeza, huyo ni 5, amefunikwa na mafuta. Dume anayekaribia kazi na awe kwenye 3 au zaidi kidogo, asifike 5. Aliyekonda hatamaliza msimu, kwa kuwa dume akiwa kazini huwakumbuka majike akasahau malisho, akapungua uzito upesi. Aliyenenepa kupita kiasi naye ana ila yake: huwa mzito wa kupanda, na mafuta hujaa juu ya mfuko wa korodani yakazuia joto kutoka.

Hapo tumefika kwenye kipimo cha nne, ambacho ndicho kiini cha maneno yetu: mzingo wa mfuko wa korodani. Mwenyezi Mungu ameujaalia mfuko huo uning'inie nje ya mwili kwa hekima, kwani mbegu za uzazi hutengenezwa vyema penye ubaridi uliopungua nyuzi kadhaa kuliko joto la mwili. Kadiri korodani zilizo nzima zinavyokuwa kubwa, ndivyo mbegu zinavyotengenezwa kwa wingi. Ndiyo sababu wafugaji wa nchi nyingi, pamoja na madaktari wao wa mifugo, hukitegemea kipimo hiki kuliko urefu wa pembe au upana wa kifua.

Namna ya kupima ni hii. Mtu mmoja amshike dume akiwa amesimama. Wa pili apite nyuma, aushike mfuko kwa juu, taratibu, azishushe korodani zote mbili hadi chini mpaka mikunjo ya ngozi inyooke. Kwa mkono mwingine auzungushe utepe mahali palipo pana zaidi, uguse ngozi bila kuibana. Asome, alegeze, apime tena. Vipimo viwili vikipishana sana, apime mara ya tatu. Kisha apapase. Korodani zilingane, ziteleze kwa uhuru ndani ya mfuko, na ziwe imara kama msuli wa mkono uliokazwa. Zikiwa laini kama sponji, au zikiwa na uvimbe, madonge au kidonda, au moja ikiwa ndogo mno kuliko mwenzake, dume huyo asiachiliwe mpaka daktari wa mifugo amwone.

Mtauliza: sentimita ngapi ndizo zinazotosha? Kwa kondoo wakubwa wa Ulaya na Marekani, dume aliyepita miezi 14 huhesabiwa kuwa wa kutosha akifika sentimita 32, na kijana wa miezi 8 hadi 14 akifika 28. Tunazitaja hesabu hizo ili mzijue, wala si ili mwahukumu nazo kondoo wetu wa kienyeji, ambao kwa maumbile ni wadogo. Njia ya uadilifu ni kuwalinganisha wenyewe kwa wenyewe. Wapimeni vijana wote wa kiume waliozaliwa msimu mmoja na kulishwa malisho mamoja, mwandike majina au alama zao katika daftari. Yule ambaye mzingo wake umewapita wenzake, na mwili wake ukawa mzuri, huyo ndiye wa kuwekwa. Yule aliyeachwa nyuma sana, hata akiwa na sura ya kuvutia, asiwe baba wa zizi. Sifa hii hurithiwa kwa kiasi chake, basi mnapomchagua baba mnawachagua na wajukuu. Na kama wahenga walivyosema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa ile miezi miwili. Mbegu ya kondoo dume haitengenezwi kwa siku moja. Huchukua majuma saba hivi kuumbika, na siku nyingine kadhaa kupita katika mirija hadi kukomaa. Kwa hiyo dume aliyepatwa na homa kali mwanzo wa Rajabu anaweza kuonekana mzima wa afya mwezi wa Shaabani, anakula na kuruka, na hali mbegu zake zilikwisha kuharibika, zisirudi sawa mpaka Ramadhani. Jua kali lisilo na kivuli nalo hudhuru vivyo hivyo, na pwani yetu jua halina ubahili. Mkipima mapema, mnapata nafasi ya kutibu, kulisha, kujenga kivuli cha makuti, au kutafuta dume mwingine.

Hata hivyo utepe haumalizi maneno yote. Wapo madume wenye vipimo vizuri lakini hawana hamu ya majike, na wapo wenye hamu lakini mbegu zao dhaifu. Kuzijua mbegu kwa hakika ni kazi ya daktari na darubini yake. Lakini iko njia ya nyumbani ya kumshuhudia dume kazini. Chukueni ngeu, ile rangi nyekundu ya maseremala, mwichanganye na mafuta ya kupikia, mumpake dume kifuani. Kila jike atakayepandwa atabaki na alama kiunoni. Kwa kondoo mwekundu ngeu haionekani, basi tumieni masizi. Jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 17 hivi. Kwa hiyo siku ya 16 badilisheni rangi, kisha mtazame. Ikiwa majike wengi wamepata alama ya pili, dume anapanda lakini hatungishi mimba. Ikiwa hakuna alama hata moja, dume hafanyi kazi. Ikiwa ni mmoja au wawili tu waliorudi, hapo ndipo mnapoweza kuanza kumwuliza jike. Huo ndio ushahidi, na kabla yake lawama ni dhana tupu.

Msimtwike dume mzigo usiomfaa. Aliyekomaa na mwenye afya huwatosha majike 25 hadi 40. Kijana ambaye hajatimiza mwaka asipewe zaidi ya 15. Wala asiachwe akawapanda binti zake mwenyewe, kwani uzao wa damu moja hudhoofika. Vijana wa kiume nao watengwe na mama zao na dada zao wanapofika miezi minne.

Pana jambo jingine ambalo limetusukuma kuandika makala haya, nalo ni Idi Kubwa. Kila Mfungo Tatu unapokaribia, wachuuzi huingia vijijini wakitafuta kondoo. Wao huwa na macho makali: humtaka aliye mkubwa kuliko wote, naye huleta bei nzuri kuliko wote. Mama mwenye karo ya kulipa hawezi kuikataa fedha hiyo. Basi dume bora huondoka, na aliyekataliwa na mchuuzi kwa udogo wake hubaki zizini akawa baba wa mwaka unaofuata. Mwaka wa pili huwa vivyo hivyo, na wa tatu. Baada ya miaka kumi tunalalamika kwamba kondoo wa siku hizi wamekuwa wadogo, hali sisi wenyewe ndio tuliowachagua wadogo kwa mikono yetu.

Dawa yake ni kupima kabla ya mchuuzi kubisha hodi. Aliyeongoza katika daftari awekewe alama na isemwe wazi nyumbani mote: huyu hauzwi. Waliobaki ndio wa biashara, na hapana dhuluma yoyote kwa mwenye kuchinja. Kasoro zinazoharibu udhhiya zinajulikana: upofu wa jicho ulio dhahiri, ugonjwa ulio dhahiri, kiguu kilicho dhahiri, na kukonda kulikopita kiasi. Udogo wa korodani si mojawapo, hata kondoo aliyehasiwa hufaa, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo wawili waliohasiwa. Kwa hiyo asiyefaa kuwa baba anafaa kabisa kuwa udhhiya, maadamu ni mzima na amenona. Kumbukeni pia hesabu ya umri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kondoo wa udhhiya awe ametimiza mwaka, au amekwisha kung'oa meno ya mbele kabla yake. Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Anayetaka kuuza Idi fulani na apandishe miezi 17 kabla yake, akihesabu kwa mwezi mwandamo.

Wengine watasema: kwa nini tusilete tu dume mkubwa wa kigeni, tukaondokana na taabu hii? Tunawajibu kwa mfano wa hapa hapa kwetu. Dorper ni kondoo aliyepatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa kumchanganya Dorset Horn wa Kiingereza na kondoo wa kichwa cheusi ambaye asili yake ni Usomali. Ni mnyama mkubwa na mwenye nyama nyingi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa mifugo walilea Diani, kusini mwa Mombasa, kondoo wa Dorper pamoja na kondoo wekundu wa Kimaasai, wakawaangalia kwa miaka kadhaa. Katika unyevu wa pwani yetu, ambamo minyoo hustawi, yule mwekundu mdogo alistahimili minyoo zaidi, na wanawe wakafa wachache zaidi. Aliyekuwa nyuma kwa utepe alikuwa mbele kwa idadi ya waliosalimika. Basi pimeni, lakini mpime wa jamii moja kwa wa jamii yake, na ukope wa jicho muutazame sawa na mnavyoutazama utepe.

La mwisho ni la ujirani. Si kila nyumba yenye majike watatu inahitaji dume wake. Mwenye dume aliyepimwa akathibiti na awaazime jirani zake. Lakini tahadharini na malipo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuchukua ujira wa dume kwa kupandisha. Kuazimana kwa wema kunaruhusiwa, na jirani akileta zawadi bila ya sharti, wanazuoni wameiruhusu. Mwenye shaka na amuulize sheikh wa mtaa wake. Tunaona humo hekima kubwa: dume mmoja mzuri akizunguka mtaa bila ya bei, zizi la mjane na yatima hupata damu ile ile iliyo katika zizi la tajiri.

Wale kina mama wanane bado wanafuga. Wamenunua dume mwingine, na safari hii walikwenda sokoni na utepe mkobani. Muuzaji alipowaona wakiutoa alicheka, akawauliza kama wanataka kumshonea kondoo kanzu. Hawakumjibu. Walipima wanne, wakawaacha watatu, wakamlipa wa nne. Msimu huu, kwa rehema ya Mola, majike 12 kati ya 14 waliobaki wana mimba. Wale wawili hawajauzwa. Majina yao yako daftarini, wanangojewa msimu mmoja zaidi.

Wabillahi tawfiq.